Chai ya Maji ya Mitambo

Usiku mzima wa Jumapili ile nilijiuliza kama chai niliyokunywa kwa mama mdogo ilikuwa na sumu, na kama ilikuwa nayo, je, sumu hiyo niliimimina mimi. Nilikuwa nimelala chali chumbani kwangu Jeppestown, hapa Joburg, mablanketi mawili na koti juu yake, kichwa kinaniuma, nisijue kama kinauma kwa sababu ya chai au kwa sababu ya kuifikiria. Kwangu hilo ni swali la haki. Siku ya mtihani wa mwisho chuoni nilirudi mara tatu kumuuliza msimamizi kama niliandika namba yangu ya usajili. Mara ya tatu alinifunulia karatasi yangu akanionyesha kwa kidole, bila kusema neno. Kwa hiyo kila nilipojiambia kwamba maji yale ni yetu na yana dawa yetu, upande mwingine wa kichwa ulinijibu: wewe husema hivyo juu ya kila kitu.

Lakini bomba nilikuwa nimeliona kwa macho.

Wakati huo nilikuwa na miezi minane katika kituo kidogo cha umeme wa gesi, mashariki ya katikati ya mji, kwa mkataba wa mafunzo ambao wangeweza kuugeuza kuwa ajira au kuuacha uishe wenyewe. Watu hapa wakisikia kituo cha umeme wanafikiria makaa ya mawe na minara mikubwa inayotoa mvuke. Chetu kilikuwa ua wa matofali mekundu wenye injini mbili za gesi, kila moja ukubwa wa lori. Gesi inafika kwa bomba kutoka Msumbiji. Inaungua ndani ya injini, injini inazungusha jenereta, na umeme unakwenda kwenye karakana na majengo ya jirani. Joto la injini halitupwi. Linapasha maji, na pampu zinayasukuma maji hayo chini ya barabara hadi kiwanda kimoja cha kufulia nguo na majengo matatu ya zamani ya ghorofa upande wa Doornfontein. Huko yanapita kwenye rejeta, yale masanduku ya chuma yaliyofungwa ukutani kupasha vyumba joto, kisha yanarudi kwetu yakiwa yamepoa, na sisi tunayapasha tena. Maji yaleyale, mzunguko uleule. Hayatakiwi kutoka na hayatakiwi kuongezwa.

Lakini yalikuwa yanatoka. Kazi yangu ya kila saa ilikuwa kusoma mita na kuandika kwa mkono katika daftari la zamu, na mita ya tangi la kujazia maji, ambayo ilitakiwa ikae kama imelala, ilikuwa inazunguka. Msimamizi wangu, mzee wa Kizulu aliyebakiza muda mfupi kustaafu, hakushtuka.

"Eish, sisi," alisema, akiniita dada kama anavyomwita kila msichana. "Ardhi ya Joburg ina kiu. Mabomba haya ni ya kale kuliko mimi. Wataalamu watakuja kuchimba baridi ikiisha."

Mimi sikuweza kuiacha. Nilichora michoro nyumbani. Nikaona kwamba maji yanapungua sana alfajiri, yanatulia mchana, yanapungua tena jioni. Nilimletea mchoro, akaushika kwa mkono uliovaa glavu, akautazama.

"Bomba lenye saa ya mkononi," alisema. "Hilo sijawahi kuliona." Akacheka, akanirudishia karatasi, na mimi nikanyamaza. Nilihofu wakisema kwamba yule mwanafunzi ni msumbufu, mkataba wangu utaishia hapo.

Kila maji yalipopungua, tangi liliongeza maji mapya, na maji mapya yana hewa inayoleta kutu ndani ya mabomba. Kwa hiyo tulikuwa tunaongeza dawa ya kuzuia kutu. Kampuni ilikuwa imebadilisha dawa mwanzoni mwa baridi, ikaleta yenye nguvu zaidi, katika mapipa ya bluu yenye picha ya fuvu la kichwa. Inaitwa nitriti. Aliyepewa kazi ya kuimimina ni mimi. Miwani, glavu ndefu, aproni ya mpira. Maji yakipungua, naongeza. Yakipungua zaidi, naongeza zaidi. Niliifanya kwa uangalifu wote nilionao, nikipima mara mbili, na msimamizi aliwahi kusema mbele ya wenzake kwamba hajawahi kupata mtu mwenye mkono wa uhakika kama wangu. Nilifurahi siku nzima.

Jumapili nilikwenda kwa mama mdogo, kama kawaida. Ndiye aliyenilea. Alinitoa Uvira nikiwa mgongoni, tukakaa miaka katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kisha akanileta huku kwa mabasi na malori. Anakaa ghorofa ya tatu katika jengo mojawapo kati ya yale matatu, na kila asubuhi anauza chai na mandazi mlangoni kwa walinzi wanaotoka zamu na mafundi cherehani wanaoingia. Nilijua kwamba jengo lake linapashwa joto na kituo chetu. Nilijivunia hilo. Nilikuwa nimemwambia, mama mdogo, ukigusa ile rejeta yako ujue ni mimi, na yeye aliwaambia watu wa ghorofa yote.

Nilikaa kitandani, kwa kuwa kiti kilikuwa na unga. Akanipa kikombe. Nilikuwa nimekunywa nusu nilipomwona anajazia birika. Hakwenda kwenye sinki la korido. Aliinama pembeni ya rejeta, akazungusha kibomba kidogo cha shaba kilichofungwa kwenye bomba lake, na maji yakatoka yakifuka.

Nilimuuliza hicho ni nini.

"Fundi alituwekea," alisema. "Kila chumba. Tangu mwaka jana. Tunaogaka nayo, tunafulia, tunapika. Umeme ukikatika sisi hatuna habari."

"Na chai?"

"Si ndiyo hiyo unakunywa." Alicheka. "Inachemka mbio kwa sababu imekuja moto tayari. Halafu iko na chumvi kidogo, unasikia? Sawa maji ya moto ya kwetu, yale ya bonde la Ruzizi. Wazee walikuwa wanatoka mbali kuja kuyanywa, miguu inapona. Magoti yangu mimi nayaonaka yamelegea vizuri."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilitazama midomo yake. Ilikuwa na rangi ambayo wiki mbili nzima nilikuwa nimeiona nikaiita baridi. Aliniuliza mbona sinywi. Na mimi, niliyemimina pipa kwa mikono yangu siku ya Ijumaa, nikamaliza kikombe kile, kwa sababu sikujua namna ya kumrudishia mama aliyenilea chai yake. Mpaka leo hilo linanishangaza kuliko yote.

Kabla sijaondoka nilimwomba chupa ya jamu tupu, nikaijaza pale kwenye kibomba. Alidhani nataka kwenda kunawia miguu.

Jumatatu niliingia kazini mapema, nikapima. Kipimo chetu ni rahisi: unaweka maji kwenye chupa ndogo, unadondosha dawa tone kwa tone, unahesabu mpaka rangi igeuke. Kwanza nilipima maji ya mitambo. Kisha maji ya chupa ya jamu. Idadi ya matone ilikuwa ileile. Nikaosha chupa, nikarudia. Nikarudia tena. Mara ya tatu tone moja likaanguka mezani, nikaanza upya. Nilitamani sana nikosee. Maisha yangu yote nimehangaika na mambo mabaya ambayo hayakutokea, na nikagundua pale mezani kwamba sikuwa nimejifunza chochote cha kufanya siku moja likitokea kweli.

Nikasoma karatasi ya maelezo ya ile dawa, niliyowahi kuisoma na kutia sahihi wiki ya kwanza mapipa yalipoletwa. Inasema mtu akiimeza, damu inashindwa kubeba hewa. Kichwa kinauma, kizunguzungu, midomo na kucha vinageuka rangi. Hatari kubwa zaidi ni kwa watoto wachanga. Nilisoma mstari huo nikakumbuka watu wa kanisa la mama mdogo, namna walivyokuwa wanalalamika kichwa baridi yote ile na kulaumu moshi wa mbaula, majiko yao ya makaa.

Ningemwambia msimamizi saa ileile. Naandika sentensi hii na inaonekana nyepesi. Lakini nilijua kitakachofuata. Kampuni ingefunga maji ya jengo zima, ingekuja na walinzi kutafuta aliyekata mabomba, na mle ndani nusu ya watu karatasi zao zimekwisha muda au hazijawahi kuwapo. Wangetolewa na magodoro yao hadi barabarani mwezi Juni. Tena Jumatatu hiyohiyo maji ya mji yalikatika upande wote ule, kama yanavyokatika, na maji ya vile vibomba vya shaba yakawa ndiyo pekee yanayotoka katika jengo. Nikajiambia, nianze kwa kuwaonya wenyewe.

Jumanne baada ya kazi nilimtafuta fundi. Ni Mrundi wa makamo, fundi bomba mzuri kuliko wengi niliowaona kazini, na shemasi kanisani. Nilimkuta kwenye ngazi akifunga kiatu.

"Inginia wetu," alisema. "Leo umekuja kukagua kazi yangu?"

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali ya maana, kuhusu kiasi na kuhusu tangu lini. Kisha akamaliza kufunga kiatu.

"Bon," alisema. "Mimi niliona maji yanazunguka, hayana mwenyewe. Nikasema ni maji ya mji yamepashwa tu. Uongo?"

"Zamani dawa ilikuwa kidogo. Sasa si kidogo."

"Sasa unataka nini? Nikang'oe? Wataoga na nini, mate?" Akashusha sauti. "Sikiliza, dada. Mimi nitapita kila mlango, niwaambie wasinywe. Waoge tu, wafulie. Wewe huko kwenu usiseme. Ukisema, wewe utapata cheo na mimi nitapata pingu, na mama yako atapata baridi."

Nilikubali. Niliona ni jambo la busara. Nikapanda kwa mama mdogo kumwambia mwenyewe.

"Maji haya si salama kunywa," nilimwambia. Ndiyo maneno niliyotumia, nayakumbuka. "Si salama, mama mdogo. Usipikie tena, usimpe mtu."

"Weye unaogopaka kila kitu," alisema. "Kule kambini uliogopa hata foleni ya uji." Lakini aliniona usoni, akaacha mzaha. "Bon. Nimesikia. Nitafanya vile inafaa."

Nikarudi nyumbani nikijisikia mwepesi. Usiku huo nililala.

Jumatano mashaka yalirudi. Niliandika barua kwa msimamizi kwenye simu, nikaifuta. Nikaandika nyingine bila kutaja jengo, nikaifuta hiyo pia, kwani barua isiyotaja jengo ni ya nini? Mita ya tangi ilizunguka siku ile kuliko kawaida, maana maji ya mji yalikuwa hayajarudi. Msimamizi akaniambia niongeze dawa. Nilisimama mbele ya pipa nimevaa miwani na glavu. Nikamwambia pampu ya dawa imeziba, nitaisafisha kesho. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kazini, na niliusema kama mtu anayemwaga kijiko kimoja kutoka kwenye beseni lililofurika.

Alhamisi nilimaliza zamu ya asubuhi, nikatembea hadi kwa mama mdogo. Watu walikuwa wanapanda na kushuka ngazi na ndoo. Mlango wake ulikuwa wazi, na chumbani alikuwamo jirani yake, msichana wa Kirundi anayefanya usafi maofisini, amekaa kitandani na mtoto wake wa miezi miwili. Mama mdogo alikuwa anamkorogea maziwa ya unga kwenye chupa.

"Baridi ya mwaka huu," msichana aliniambia baada ya salamu. "Tazama mtoto alivyo."

Nikamtazama. Midomo yake ilikuwa na rangi ya udongo wa mto. Kucha zake ndogo zilikuwa kijivu, zimeingia bluu kwa ndani. Hakuwa analia. Alikuwa amelegea kama mtoto aliyeshiba sana, macho nusu.

Nilimuuliza mama mdogo maji ya maziwa ameyatoa wapi.

"Usiwe na wasiwasi," alisema, na ninamwona hadi leo alivyosimama wima kidogo, kama mtu aliyetimiza aliloombwa. "Ulisema maji si salama. Basi nimeyachemsha. Si kuchemsha ya mchezo, nayaacha yanatokota hata yanabaki nusu ya sufuria. Huyu hana jiko kwake, tangu juzi namchemshia mimi. Nimesahau basi vile walikuwa wanatufundisha kambini?"

Sikuwa nimesahau. Wote tuliopita kambini tunaujua wimbo ule. Maji si salama, chemsha. Walituimbisha kwenye foleni, walitubandikia picha chooni: birika, moto, mtoto anacheka. Kipindupindu kilipita mara mbili na mama mdogo hakupoteza mtu, kwa sababu alichemsha. Na mimi nilisimama mbele yake Jumanne nikamwambia maneno yaleyale ya watu wa afya. Dawa yetu haifi kwa moto. Maji yanapanda na mvuke, yenyewe inabaki. Akiyachemsha hadi nusu, kinachobaki ni kikali mara mbili.

Nilimpokonya chupa. Nadhani nilimpokonya kwa nguvu, kwani maziwa yalimwagika kwenye gauni lake. Nikamwambia msichana amfunike mtoto shuka, tunakwenda hospitali sasa hivi. Aliniuliza kuna nini. Nilikuwa nasema tu, ni maji, ni maji, huku nikiita gari kwa simu na kukosea anwani ninayoijua tangu utoto.

Hospitali ya serikali ilikuwa imejaa, lakini muuguzi mmoja mnene alipofunua shuka aliinua kichwa na kuita jina la mtu, na watu wakaja mbio. Daktari aliuliza amekula nini. Nikamwambia. Sikumwambia "maji machafu." Nilimwambia jina la dawa, na kwamba ni maji ya mtambo wa kupasha majengo, na kwamba yamechemshwa hadi nusu, tangu Jumanne. Alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Umejuaje haya yote?"

"Mimi ndiye niliyeiweka dawa," nilisema.

Walimpa dawa kwenye mshipa, ya bluu kabisa kama wino wa shule. Msichana alipoiona inaingia alishika mdomo. Alidhani wanamzidishia ile bluu ya kucha. Tulisimama tumeshikana mikono, watu ambao kabla ya siku ile tulikuwa tunasalimiana tu kwenye ngazi. Haikupita saa nzima, midomo ya mtoto ikaanza kuwa midomo. Akalia. Nimesikia watoto wengi wakilia na sijawahi kusikia sauti ya hasira nzuri kiasi kile.

Msichana alilia pia, kisha akajifuta, akaniuliza jambo la akili kabisa.

"Sasa yale maji mtayafunga?"

Nikamwambia sijui.

"Mkifunga tutatoka pale?"

Nikamwambia labda. Akatikisa kichwa kama mtu anayepewa bei. Hakuniambia nifanye nini. Niliondoka nikimwacha na mtoto, ambaye walitaka alale pale.

Nilipofika jengoni, fundi alikuwa mlangoni, habari imekwisha kumfikia. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kreti yake ya kuuzia chai, gauni bado lina maziwa. Hakunitazama.

"Mtoto?" fundi aliuliza.

"Atapona."

Alifumba macho, akasema kitu kwa Kirundi, kifupi. Kisha akafumbua. "Juzi nilipita milango, wengine nikawakosa. Basi sasa watu wote wamejua. Hata mlevi wa ghorofa ya tano amejua. Hakuna atakayekunywa tena, ninakuapia. Tuachie ya kuoga tu, mpaka baridi iishe. Mimi mwenyewe nitang'oa kimoja kimoja, kimya kimya."

Alikuwa na hoja. Nilitaka sana hoja yake ishinde. Nilikuwa nimeanza kuipima, kama ninavyopima kila kitu, huku na huku, wakati wanawake wawili walipoingia na mabegi ya plastiki ya safari, yale ya mistari, vumbi la basi bado viatuni. Walisalimia kwa Kiswahili cha Bukavu. Walikuwa wamepangishiwa nafasi ya wiki moja ghorofa ya pili, kama wageni wote wanavyoanzia. Mmoja alionyesha chupa tupu, akauliza maji ya kunywa yanapatikana wapi.

Mzee mmoja aliyekuwa anashuka na ndoo, mtu mwema, mkaazi wa siku nyingi, akawajibu kwa mazoea, bila kusimama: "Chumbani mwenu, mama. Pale ukutani, pembeni ya chuma. Yana moto kabisa."

Fundi aliinamisha uso. Alikuwa ameapa, na kiapo chake hakikudumu hata dakika tano, wala hapakuwa na mwongo yeyote. Jengo lile kila wiki linapokea watu wapya. Nani atakaa mlangoni kuwaambia wote, kwa lugha zote, mchana na usiku?

Niliwaambia wale wanawake wasiyanywe, hata wakiyachemsha. Nikalirudia lile la kuchemsha mara mbili. Kisha nikapiga magoti mbele ya kreti ya mama mdogo.

"Nakwenda kufunga," nilimwambia.

"Walikuwa wanatuimbisha," alisema, akitazama mikono yake. "Mimi nilichemsha vizuri."

"Najua."

"Leo baridi itakuwa kali," alisema. Halafu, baada ya muda: "Nenda. Weye nenda."

Nilitembea hadi kituoni, mwendo wa nusu saa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikumbuki nilikuwa nafikiria nini njiani. Mlinzi alishangaa kuniona nimerudi. Nyuma ya ua, chini ya kifuniko cha chuma, kuna shimo lenye koki za kila jengo, mbili mbili, moja ya maji yanayokwenda na moja ya maji yanayorudi. Mwanafunzi haruhusiwi kuzigusa bila sahihi ya msimamizi wa zamu. Niliinua kifuniko kwa nondo, nikashuka. Koki ya kwanza ilikuwa ngumu, nikaizungusha kwa mikono miwili mpaka ikakataa kwenda zaidi. Ya pili ililainika haraka. Niliweka kiganja juu ya bomba nikasikia mtetemo wa maji ukififia, ukaisha.

Nikapanda hadi chumba cha mitambo. Msimamizi alikuwa anakula mkate, daftari la zamu mbele yake.

"Sisi? Zamu yako si imekwisha?"

Nililivuta daftari, nikaandika saa, nikaandika jengo, nikaandika kwamba koki zake zote mbili nimezifunga mimi kwa sababu watu wanakunywa maji yetu na mtoto mmoja yuko hospitali. Nikatia sahihi, na chini yake nikaandika jina langu lote. Kisha nikamwomba apige simu kampuni ilete gari la maji ya kunywa pale kabla giza halijaingia, na wasimpeleke mlinzi hata mmoja kabla ya gari hilo. Aliacha kutafuna. Aliuliza nimejuaje kwamba wanakunywa.

"Mama mdogo wangu anakaa ghorofa ya tatu," nilisema. "Jumapili alinipa chai." Nikamsogezea simu.